Biashara haijafa, ndiyo inayolisha nyumba

Barua za mwezi huu nyingi zinatoka kwa akina mama wenye biashara changa, na karibu zote zina swali moja ndani yake: pesa inaingia, mbona siioni? Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu najua wapo wengi walio kwenye hali hiyo hiyo na hawajaandika.

*Shikamoo shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mbagala. Huu ni mwezi wa nane napika maandazi na kuuza asubuhi. Nilianza na mtaji wa Sh90,000, pesa ya mchezo zamu yangu ilipofika. Karai, jiko na meza nilikuwa navyo. Kila siku isipokuwa Jumapili nakanda kilo nne za unga na kupata maandazi 110, nauza Sh200 moja. Unga ni Sh8,000, mafuta na sukari Sh6,000, mkaa Sh1,500, hamira, iliki na nazi Sh1,500. Nyumbani tunakula maandazi kumi kila asubuhi, na hela ya mboga na maji natoa humo humo. Juzi nimehesabu nikakuta mkononi nina Sh20,000 tu, na bodaboda wa kijiweni nawadai Sh32,000. Mume wangu anasema niache, ni biashara ya hasara. Sinunui nguo, sisuki nywele, sijui pesa inakwenda wapi. Niache?*
*— Mama wa maandazi, Mbagala*

Marahaba mwanangu. Usiache. Na kabla sijakwambia la kufanya, kaa chini tupige hesabu, maana umeniandikia kila kitu kinachohitajika na jibu limo ndani ya barua yako mwenyewe.

Maandazi 110 kwa Sh200 ni Sh22,000. Vitu vyote ulivyotaja vinagharimu Sh17,000. Faida yako kwa siku ni Sh5,000. Siku 26 kwa mwezi ni Sh130,000. Miezi minane ni Sh1,040,000. Soma tena, mwanangu: milioni moja na elfu arobaini, kutoka kwenye karai moja.

Sasa tuitafute ilikokwenda. Ulianza na Sh90,000. Leo una Sh20,000 mkononi na Sh32,000 kwa bodaboda, jumla Sh52,000. Kwa hiyo mtaji umepungua Sh38,000. Ongeza hizo kwenye faida ya miezi minane, unapata Sh1,078,000. Hiyo ndiyo pesa iliyotoka kwenye biashara yako na kuingia nyumbani kwako. Maandazi kumi ya kila asubuhi, kwa bei unayouzia, ni Sh2,000 kwa siku, na kwa siku zote hizo yanafika Sh416,000. Zinazobaki, Sh662,000, ni mboga, maji, na bila shaka daftari la shule, dawa ya kikohozi na nauli ya kwenda msibani. Gawa kwa siku, haifiki hata Sh3,200. Wewe mwenyewe ungeniambia kwamba kila siku unatoa elfu tatu, siku nyingine elfu nne.

Biashara ya hasara hailishi watu watano miezi minane. Umekuwa unalipa mboga ya nyumba, maji ya nyumba na chai ya asubuhi ya nyumba, na hakuna aliyekuhesabia, hata wewe mwenyewe. Nimekaa miaka mingi nikiandika vitabu vya kikoba chetu, kikundi cha kuweka na kukopa, pale Ngamiani, Tanga, na nimewaona wanawake wakisimama mbele ya wenzao na kusema "biashara imenishinda", huku ada za watoto zimelipwa na bati jipya liko juu ya nyumba. Inaniuma kila ninaposikia. Mwanamke anaambiwa hana kitu kwa sababu kila alichopata ameshakitoa.

Tatizo lako liko sehemu mbili, na zote zinarekebishika bila kukopa.

La kwanza, nyumba inachukua kidogo zaidi ya faida. Kidogo mno, lakini kila siku. Ukishatoa maandazi ya nyumbani, pesa taslimu inayobaki ni Sh3,000. Siku uliyotoa Sh4,000, ile elfu moja ilitoka kwenye unga wa kesho. Kwa hiyo anza na mikoba miwili. Mmoja wa karai, mmoja wa nyumba, na mkono usivuke kutoka huu kwenda ule ila mara moja kwa siku, jioni, ukishahesabu. Maandazi ya nyumbani yawe matano, na watoto waongezewe uji. Hapo utabakiwa na Sh4,000 taslimu. Sh2,500 peleka mkoba wa nyumba, huo ndio ujira wako. Sh1,000 irudi kujaza mtaji. Sh500 weka akiba, kwenye kibubu au hisa za kikoba. Kwa elfu moja kwa siku, zile Sh38,000 zitakuwa zimerudi kwenye wiki ya saba. Najua Sh2,500 haitoshi mboga ya watu watano. Ndiyo maana baba naye inabidi aione hesabu hii.

Mwonyeshe kwa heshima, siku ametulia, si siku ya ugomvi. Usimwambie "unaona ulikosea". Mwambie, "Baba fulani, nimeandika pesa zilizotoka kwenye maandazi zikaja nyumbani tangu nianze, naomba tuitazame pamoja." Kisha mwachie daftari. Mwanamume mwenye nia njema akiona milioni moja imeandikwa kwa mkono wa mkewe, atauliza swali jingine, si lile la kuacha.

La pili ni bodaboda. Sh32,000 ni karibu unga, mafuta, mkaa na vikorokoro vya siku mbili nzima. Usiwafukuze, ni wateja wako wa kila siku. Lakini weka kikomo: mtu asidaiwe zaidi ya Sh1,000, na Jumamosi kila mtu anamaliza. Jina liandikwe yeye akiona. Anayekasirika kuandikwa hakuwa na nia ya kulipa.

Mtaji ukirudi, ongea na jirani mwingine anayepika ili mnunue mfuko wa kilo 25 mgawane. Kama duka la jumla linawapa kwa wastani wa Sh1,800 kwa kilo badala ya Sh2,000, unaokoa Sh800 kila siku bila kuongeza hata andazi moja. Na kwa kuwa kijiwe kiko hapo hapo, fikiria birika la chai ya tangawizi. Hilo liwe baadaye, mwezi wa pili wa kuandika, si sasa.

Kuhusu kodi, maana najua utaulizwa na watu wa kukutisha: namba ya mlipakodi, yaani TIN, inatolewa bure na Mamlaka ya Mapato, TRA. Mauzo yako kwa mwaka yanapita Sh4,000,000, kiwango ambacho chini yake mfanyabiashara mdogo halipi kodi ya mapato. Kwa hiyo nenda ofisini kwao na daftari lako waulize upo kundi gani, usisubiri kuelezwa na mtu wa barabarani.

*Shangazi, mimi nauza dagaa Mwaloni Kirumba, Mwanza. Nilikopa Sh300,000 kwa watu wa kausha damu ili ninunue mzigo. Narudisha Sh13,000 kila siku kwa siku 30. Wameshika kadi yangu ya benki na nimesaini karatasi ambayo sikupewa nakala. Siku nilizokosa rejesho nilikopa kwa simu, kwenye programu ya mikopo, nikawalipa. Sasa nadaiwa pande mbili na wale wa simu wanawatumia ndugu zangu meseji za kuniaibisha. Silali. Nilikuwa mchapakazi tangu msichana. Nimefikaje hapa?*
*— Muuza dagaa, Mwanza*

Pole sana mdogo wangu. Naanza na hilo la mwisho kwa sababu ndilo linalokunyima usingizi. Umefika hapo kwa kufanya kazi. Hukukopa kwa sherehe, ulikopa kununua mzigo, na mtu aliyekukopesha alijua haraka uliyokuwa nayo. Aibu si yako.

Sh13,000 mara 30 ni Sh390,000. Riba ni Sh90,000 kwa mwezi mmoja, asilimia 30. Benki Kuu ya Tanzania imeweka ukomo kwa wakopeshaji hawa wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana: riba isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo wako hiyo ingekuwa Sh10,500. Weka Sh10,500 kando ya Sh90,000 uone ulichotozwa.

Lakini hata riba ingekuwa ndogo, mkopo huu haukufaa kwa dagaa, na hapa naomba wanawake wote wa ziwani wanisikilize. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali taa haivuti, na wavuvi wengi wanapumzika. Yaani biashara yako ina siku kadhaa kila mwezi ambazo mzigo haupo au uko ghali. Mvua ikinyesha dagaa hawakauki, na hiyo nayo ni siku imepotea. Rejesho la kila siku halijui mwezi wala mvua. Siku hizo ulizokosa hukuwa mzembe, biashara ya dagaa ndivyo ilivyo. Mkopo wa mfanyabiashara wa dagaa unapaswa kulipwa mzigo ukishauzwa, baada ya giza. Anayekupa masharti ya kila siku hajakuuliza unafanya kazi gani.

Sasa la kufanya. Kwanza, usikope tena kulipa deni. Hata kwa ndugu, ila kama ndugu huyo anamaliza deni lote na wewe unamlipa taratibu bila riba. Andika kwenye karatasi moja: nani, ulipokea kiasi gani, umesharudisha kiasi gani. Huenda ukagundua kwamba ile Sh300,000 umeshairudisha yote na unachodaiwa sasa ni riba tupu.

Pili, nenda na karatasi hiyo, na mtu mzima wa kukusindikiza, uwaulize leseni yao na nakala ya mkataba wako. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, hakuna anayeruhusiwa kufanya biashara ya kukopesha bila leseni. Wakikataa kukuonyesha, Benki Kuu ina tawi hapo hapo Mwanza. Peleka malalamiko kwa maandishi. Kadi yako ya benki ni yako. Nenda benki useme haiko mikononi mwako, waifunge wakupe nyingine, na namba ya siri ibadilike. Kwa wale wa simu, kumbuka kwamba Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yanayofanya kazi bila leseni. Angalia kama wamo. Hifadhi zile meseji walizowatumia ndugu zako, usizifute kwa hasira, ni ushahidi. Ukishindwa peke yako, tafuta watoa msaada wa kisheria. Hawa wanatambuliwa kwa sheria ya mwaka 2017 na ofisa maendeleo ya jamii wa kata yako anaweza kukuelekeza.

Huyo ofisa maendeleo ndiye pia mlango wa mkopo ambao ulistahili kuanza nao. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Haina riba. Ilisimamishwa Aprili 2023 ili utaratibu upangwe upya, ikarejea 2024. Wanawake mnaomba kwa kikundi, kwa hiyo utahitaji wenzako. Hapo Mwaloni unawajua. Chagua wanaofika sokoni alfajiri, wasiokupiga chenga wakidaiwa, na ambao ungemwachia mmoja wao mzigo wako ukienda kuuguza. Urafiki pekee hautoshi kwenye mkopo wa kikundi, maana mmoja asipolipa wote mnaguswa. Nakubali kwamba pesa hizo huchelewa na zina karatasi nyingi. Anzeni karatasi sasa, mkiwa bado mnahangaika na hili, ili mwakani usirudi kwa wale wale.

Niandikie tena ukishapata kadi mpya.

*Asalaam alaykum shangazi. Mimi ni mtu wa Tanga, nafanya kazi za ndani Muscat. Mwaka wa pili namtumia kaka yangu pesa afungue duka la vyombo. Ananiambia duka linakwenda vizuri ila kila mwezi anaomba nyongeza. Picha nimetumiwa mara moja. Sitaki kumkosea kaka yangu.*
*— Dada wa Muscat*

Waalaykumu salaam, binti wa nyumbani. Kuuliza hesabu si kumkosea mtu. Kaka mwaminifu atafurahi kuulizwa, maana itamwondolea lawama.

Mambo matatu tu. Usitume nyongeza mpaka upate orodha ya vitu vilivyomo dukani, kimoja kimoja na bei yake ya kununulia, na mtu wa pili, mama au shangazi yenu, awepo wakati wa kuhesabu. Pili, mpangie kaka mshahara. Nadhani hapa ndipo penye tatizo: mtu anakaa dukani kutwa bila ujira uliokubaliwa, atakula wapi kama si humo dukani? Huenda hakuibii, anajilipa bila kipimo. Tatu, leseni na jina la biashara viwe kwa jina lako, na mauzo yaingie kwenye laini au akaunti ambayo wewe unaiona ukiwa huko huko. Kama hayo matatu yatashindikana, afadhali pesa yako ikae benki kwa jina lako mpaka utakaporudi. Unafua na kupiga pasi nguo za watu kwenye joto la Muscat; jasho hilo lina haki ya kuulizwa limefika wapi.

*Shikamoo. Nimemaliza chuo mwaka juzi, niko Dodoma, sina ajira. Nina Sh30,000. Nataka kukaanga karanga na kuziuza kwenye pakiti lakini naona aibu, na kila semina ya ujasiriamali wanazungumzia mtaji wa milioni. Elfu thelathini si ni mchezo wa watoto?*
*— Mhitimu, Dodoma*

Marahaba mwanangu. Nikueleze habari za mama mmoja wa Ghana, Esther Ocloo, aliyezaliwa mwaka 1919, wakati nchi ile bado inaitwa Gold Coast. Alisoma shule kubwa ya Achimota kama wewe ulivyosoma. Alipomaliza, shangazi yake alimpa shilingi kumi. Akanunua machungwa, sukari na chupa, akapika jemu ya machungwa, akatoka barabarani kuiuza. Wapo waliosoma naye waliomcheka, msichana wa Achimota anatembeza jemu kama asiyekwenda shule. Akaipeleka shuleni kwake. Achimota wakakubali awaletee mara kwa mara, baadaye na jeshi likaagiza kwake. Ni baada ya kuwa na oda hizo mkononi ndipo alipopata mkopo wa benki. Akajenga kiwanda cha vyakula, Nkulenu, ambacho kipo mpaka leo. Na mwaka 1979 alikuwa miongoni mwa wanawake walioanzisha Women's World Banking, shirika la kuwatafutia wanawake wenye biashara ndogo, kama alivyokuwa yeye, njia ya kupata fedha, akawa mwenyekiti wake wa kwanza.

Zingatia mpangilio: kwanza bidhaa ndogo, kisha mnunuzi wa kudumu, halafu mkopo. Semina nyingi zinaupindua, zinaanza na mkopo. Wewe fuata wa Mama Ocloo. Uko Dodoma, mkoa wa karanga, na pale Mtumba kuna Mji wa Serikali wenye wizara kibao na watu wanaokunywa chai saa nne asubuhi. Una elimu ya chuo, unaweza kuingia mapokezi ukajieleza vizuri bila kutetemeka. Hicho ni kitu ambacho muuza karanga mwingine hana.

Usitumie Sh30,000 zote. Tumia Sh15,000: karanga, chumvi, mkaa na mifuko. Nusu nyingine ni ya kununua tena kama hizi za mwanzo zikiungua au zikachelewa kuuzika. Chambua karanga moja moja na utupe zilizosinyaa na zenye ukungu. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, si jambo la mzaha, mwaka 2016 iliua watu hapo Dodoma na Manyara kwenye mahindi. Mteja wa ofisini akiuma karanga chungu mara moja harudi. Pima kila pakiti kwa kipimo kimoja, andika gharama ya karanga, mkaa, mfuko na nauli, gawa kwa idadi ya pakiti, ndipo upange bei. Nauli ya kwenda Mtumba isiachwe nje ya hesabu, wengi wanaisahau hiyo.

Ukifikisha wateja wa kudumu na ukataka kuingia madukani, nenda ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo. Kazi yao tangu mwaka 1973 ni wazalishaji wadogo, na ndiyo njia ya kufika Shirika la Viwango, TBS, ukitaka alama ya ubora. Lakini hiyo ni safari ya mbele. Wiki hii tengeneza pakiti ishirini. Tano zipeleke za kuonja, kwenye ofisi tano tofauti, na kwenye kila ofisi muulize anayepokea: kila Jumatatu nilete ngapi? Andika jina lake na namba aliyosema.